Bi Verlene Haupendi Wimbo wa Tatu

Jumamosi, 3 Juni

Santuri yetu imetoka leo. Ni miaka tisa tangu ile iliyopita. Asubuhi mtangazaji Hollis Moran amepiga redioni upande wake mzima wa kwanza bila kuukatiza hata kwa tangazo la matairi. Tulikuwa jikoni kwangu sote watatu: kaka yangu Royce, mtunzi wa nyimbo na mpiga gitaa, Alphonse Labat wa besi kubwa ya kusimama, ambaye siku za kazi hutengeneza majokofu ya watu, na mimi Odile, mpiga ngoma wao, mpishi wa shule ambayo sasa imefungwa kwa likizo. Nilikuwa nimechemsha kaa. Hakuna aliyegusa sahani mpaka upande ulipokwisha.

Kisha Hollis akafungua simu, kama afanyavyo kila Jumamosi. "Haya wasikilizaji, semeni ya moyoni. Msiwaonee haya, wana ngozi ngumu."

Mama mmoja wa mji wa Pass Christian alisema gitaa la Royce linamfanya ajione anaendesha gari la wazi kando ya bahari, na gari lenyewe hana. Kinyozi wa Long Beach alisema amemharibu mteja kichwa kwa sababu mguu wake ulikataa kutulia. Mzee mwingine alitaka kujua mbona siku hizi hatuimbi tena juu ya wanawake wabaya. Royce alikuwa anacheka mpaka anashika meza.

Simu ya mwisho ilitoka Ansel Creek, juu huko kwenye misonobari. Mwanamke, sauti kavu. Alijitaja: Verlene Breland.

"Wimbo wa kwanza mzuri," alisema. "Wa pili mzuri. Wa tatu siupendi."

Hollis akamwuliza una kasoro gani.

"Huyo anayepiga ngoma anamwogopa mtu." Akakata simu.

Royce aliangua kicheko kuliko mwanzo. Akatukumbusha niliwahi kumtimua mamba uani kwa ufagio. Alphonse hakucheka. Alichukua kaa mmoja akaanza kumvunja miguu taratibu, macho kwenye sahani.

Wimbo wa tatu ni "Taa za Waveland".

Jumapili, 4 Juni

Joto. Baada ya misa watu wamenipa mkono kama niliyejifungua.

Jumatano, 7 Juni

Mvua ya alasiri, radi, kisha jua tena kana kwamba halikuwahi kuondoka. Kila niendako napewa maoni kabla ya salamu. Yule dada wa duka la dawa anaipenda santuri, lakini mumewe anasema inafaa zaidi kwa kukata majani. Mvuvi mmoja bandarini ameapa kamba wanaingia wavuni akiiweka kwa sauti kubwa. Nikamwuliza na wimbo wa tatu je? Akafikiri. "Huo nauruka," akasema, "sijui kwa nini."

Usiku nimeusikiliza peke yangu. Sikuona kitu.

Jumamosi, 10 Juni

Bi Verlene amepiga simu tena. Mara hii ameeleza: ana ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na ameipiga santuri yetu Ijumaa nzima. "Nyimbo nyingine zinakwenda," alisema. "Ikifika hiyo Taa za Waveland, watu wanaanguka. Jana ameanguka hata shemasi wa Kibaptisti, na huyo hajaanguka tangu aokoke."

Hollis alicheka hadi akakohoa hewani. Royce hakucheka. Alichukua simu yangu akaipigia stesheni, na kabla sijamzuia alikuwa redioni akimwambia Bi Verlene kwamba muziki wetu ni wa mawimbi na magari, si wa watu wazima wenye magurudumu miguuni. Bi Verlene akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mguu ni mguu." Stesheni nzima ikawa yake.

Jumatatu, 12 Juni

Mjini sasa watu wananisalimu, "Mguu ni mguu."

Jumamosi, 17 Juni

Wapigaji simu watatu wamemuunga mkono. Mmoja anasema wimbo wa tatu unamkimbiza kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Royce amezima redio. Nimemsikia akiongea na mkwe wake aliyeko Texas, yule anayemwita akafanye kazi kwenye mitambo ya mafuta. Amemwahidi jibu kabla Septemba haijaanza. Kila mwaka kuna maneno ya Texas, lakini mwaka huu ameshusha sauti akiyasema.

Jumanne, 20 Juni

Joto lile lile. Tikiti maji, feni, tikiti maji.

Jumamosi, 24 Juni

Bi Verlene: "Siupendi bado. Lakini naendelea kuujaribu." Kwa nini aendelee kuujaribu? Mtu asiyependa kitu si hukiacha?

Jumanne, 4 Julai

Sikukuu ya uhuru. Tumepiga bustanini kando ya maji, watu wamekuja na viti vyao, kuku wao, chai yao baridi ya sukari. Nilikuwa nimeota siku hii tangu tuliporekodi.

Tulianza vizuri. Nyimbo mbili za kwanza niliona mabega yakianza kutikisika, wanawake wawili wazee wakasimama, kisha baba mmoja na mtoto wake begani. Nikajisemea, haya sasa. Ndipo Royce akaingia na "Taa za Waveland". Alianza kwa mwendo wetu wa mazoezi, lakini gitaa lake lilipopanda akaharakisha, nami nikaharakisha ili nisimwache. Akapanda tena, nikamfuata tena. Alphonse kule pembeni alikuwa anaichapa besi kama mtu anayekimbiza basi. Nilipoinua macho, wale wanawake wawili walikuwa wameshakaa. Yule baba alikuwa amemshusha mtoto. Hakuna aliyezomea. Watu wetu wana adabu: walipiga makofi mazuri, wakafungua tena masanduku yao ya barafu.

Nasema kweli, afadhali wangezomea.

Tulipokuwa tunapakia vyombo Royce hakuniangalia. Alikunja nyaya mpaka mmoja ukavunjika kichwa. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Labda yule bibi anasema kweli. Labda tatizo ni ngoma."

Alphonse akasema, "Royce."

"Kuna mpiga ngoma mmoja mjini Mobile," Royce aliendelea. "Ana mkono mzito. Namtaja tu."

Kaka yangu ndiye aliyenipa vijiti vya kwanza nikiwa na miaka kumi na moja, akaniambia, "Nitazame mimi, usitazame kitu kingine." Nimemtazama tangu siku hiyo.

Alhamisi, 6 Julai

Sikutoka ndani. Nimepika gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia na kamba, ya watu ishirini, nikaigandisha.

Jumamosi, 8 Julai

Bi Verlene hakupiga simu. Nilikaa karibu na redio mpaka habari za saa sita, na nilishangaa kuona nimekasirika kama mtu aliyeachwa kituoni.

Jumanne, 11 Julai

Nimekwenda Ansel Creek.

Barabara ni misonobari kushoto, misonobari kulia, na malori ya magogo. Ukumbi uko nyuma ya duka la chakula cha mifugo, bati refu lililopakwa rangi ya waridi ambayo jua limeila. Nilifikiri nitamkuta mwanamke mkali, mrefu, mwenye miwani ya mnyororo. Nikakuta kibibi kidogo cha miaka sabini na ushei, kifupi kama mimi, kimepiga magoti kikitia mafuta magurudumu ya kiatu cha mtu. Nilijitaja. Hakusimama.

"Nilijua utakuja wewe," alisema. "Yule mwingine ana maneno mengi. Unavaa namba ngapi?"

Nikamwambia sikuja kuteleza. Nilikuja kumwuliza alimaanisha nini.

"Namba ngapi, mwanangu?"

Kwa hiyo nikavaa. Nina umri wa miaka arobaini na tisa na makalio yangu hayajawahi kukutana na sakafu kwa kasi ile. Watu wazima waliokuwa wakiteleza, kikundi cha Jumanne, wastaafu wengi, walinipita kwa heshima kana kwamba mimi ni nguzo. Bi Verlene aliniinua, akanishika kiuno, akaweka santuri yetu. Wimbo wa kwanza alinizungusha mzima. Wa pili nikaanza kusikia: unasukuma mguu, kisha unauacha mguu uende wenyewe. Kati ya kusukuma na kuacha kuna pumzi. Mwili mzima umekaa ndani ya hiyo pumzi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kati ya mapigo yangu mawili kuna mtu amekaa.

Wimbo wa tatu ulipoanza akaniambia nijishikilie. Tukasukuma, tukaacha. Tukafika kwenye kona, pale unapopitisha mguu mmoja mbele ya mwingine, na hapo hapo gitaa la Royce likapanda, na mimi, yule Odile wa kwenye santuri, nikakimbia kumfuata. Pumzi ikakatika. Mguu wangu ulikuwa bado hewani na pigo lilikuwa limeshapita. Tulianguka wote wawili, na nyuma yetu akaanguka bwana mmoja aliyekuwa anakuja na soda.

Nililala pale sakafuni nikiangalia taa za dari. Nilisikia. Wiki zote hizi nilikuwa nimeisikiliza kwa masikio nisiambulie kitu.

"Sasa niambie," Bi Verlene alisema, amelala pembeni yangu bila haraka ya kuinuka. "Unamwogopa nani?"

Nikasema simwogopi mtu. Kisha nikasema ni kaka yangu, lakini si woga.

Alinipa karanga za kuchemsha na akanieleza kwa nini alikuwa anapiga simu kila wiki. Santuri yetu ya zamani ndiyo iliyomrudishia watu ukumbini, mwaka ule kila mtu alipoanza kukaa nyumbani na simu yake. Wakati wa misimu mibaya aliipiga mpaka ikakwaruzika. "Nilingoja hii mpya kama mtu anayengoja mjukuu," alisema. "Sasa mtoto amezaliwa na mguu umepinda. Ulitaka nikae kimya?"

Nimerudi nikiendesha polepole. Nilimdhania adui.

Jumatano, 12 Julai

Siwezi kukaa.

Jumanne, 18 Julai

Ansel Creek tena. Nimeanguka mara chache kuliko wiki iliyopita. Nyumbani nafanya mazoezi nikiwa nimefumba macho, nafikiria kona.

Jumanne, 25 Julai

Nimemchukua Alphonse. Alikataa viatu, akasema sakafu ile haijamkosea kitu cha kustahili kuangukiwa na mtu wa uzito wake. Alikaa kwenye benchi na besi yake, nami nikakaa kwenye ngoma za zamani alizonazo Bi Verlene, tukapiga "Taa za Waveland" bila gitaa. Wastaafu wakateleza. Hakuna aliyeanguka. Tulipomaliza, Alphonse alijifuta uso kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Njiani akaniambia kwamba amengoja miaka mingi nimshike Royce asikimbie. "Besi haiwezi kumshika mtu," alisema. "Besi inaweza kusimama tu karibu na anayemshika." Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema hilo si jambo la kumwambia dada wa mtu.

Jumamosi, 29 Julai

Nimemwambia Royce tutapiga Ansel Creek wiki ijayo. Akaniuliza kama nimeingiwa na kichaa cha joto. Tumegombana uani mpaka jirani akapunguza mashine yake ya majani ili asikie vizuri. Mwishoni amekubali, nadhani ili kuonyesha kwamba bibi yule hajui kitu. Mkwe wake amepiga simu tena kutoka Texas.

Jumamosi, 5 Agosti

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Ukumbi ulijaa kiasi. Bi Verlene alikuwa amevaa filimbi shingoni na soksi za rangi ya machungwa. Royce alimwamkia kwa adabu zote, Bi Verlene hivi na Bi Verlene vile, kama mama yetu alivyotufunza, lakini taya lake lilikuwa limefungwa. Tukapanga vyombo kwenye jukwaa dogo la mbao. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda. Watu wakazunguka kama maji kwenye beseni, na nilimwona Royce akiwaangalia kwa jicho la pembeni. Nilijua amependezwa ila hataki.

Kisha "Taa za Waveland". Alianza vizuri. Gitaa likapanda, akaharakisha.

Sikumfuata.

Nilibaki palepale. Alphonse akabaki nami. Kwa mapigo machache kukawa na nyimbo mbili ukumbini, moja inakimbia na nyingine inatembea, na watelezaji wakaanza kutazamana. Royce akageuka akanitazama, lile jicho ambalo maisha yangu yote lilitosha. Nikatazama sakafu, nikatazama miguu ya watu. Nikaendelea. Akaharakisha zaidi, kwa makusudi. Nikaendelea. Ndipo akaziachia nyuzi. Mwangwi wa gitaa ukalia peke yake mpaka ukafa. Royce akalilaza gitaa juu ya amplifaya, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Bi Verlene akaweka santuri ya mtu mwingine haraka, watu wasisimame.

Nilimkuta uwanja wa magari, amekaa nyuma ya gari lake la mizigo, miguu inaning'inia. Nyenje walikuwa wanapiga kelele kwenye misonobari.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema.

"Nimebaki pale tulipoanzia."

"Maisha yako yote umenifuata mimi."

"Ndiyo. Na umetupeleka mahali watu wanaanguka."

Nilidhani atapanda gari aondoke. Badala yake aliinyoosha mikono yake magotini akaiangalia. Akaniambia kwamba siku hizi asubuhi vidole havifunguki mpaka avizungushe kwenye kikombe cha kahawa cha moto. Imekuwa hivyo mwaka wa pili sasa. Hajamwambia mtu, hata mkewe.

"Nikipiga haraka hakuna anayesikia kinachokosekana," alisema. "Polepole, Odile, kila noti inasimama uchi."

Nilikuwa nimemtazama mtu huyu miaka thelathini na minane na sikuwa nimeona vidole vyake.

"Basi isimame uchi," nilisema. "Watu wa pwani wamezoea kuona miili ya wazee."

Alicheka kidogo, bila kupenda. Kisha akapanda gari akaondoka kweli, akatuachia gitaa.

Jumatatu, 7 Agosti

Shule imefunguliwa. Watoto mia tatu, makaroni. Royce kimya.

Alhamisi, 10 Agosti

Kimya. Mvua.

Jumamosi, 12 Agosti

Redioni wote wanajua. Ansel Creek si mbali kiasi cha habari kukosa njia. Mmoja amesema bendi imekufa. Mwingine amesema heri ife, santuri ya zamani inatosha. Bi Verlene alipiga simu kusema jambo moja tu: kwamba bendi haijafa, bali inajifunza kutembea, na asiyewahi kuanguka na ajitaje jina lake hewani. Hakuna aliyejitaja.

Jumapili, 13 Agosti

Royce amekuja baada ya misa. Amelichukua gitaa bila amplifaya, akakaa kibarazani kwangu. Hakugusa habari za Ansel Creek. Alisema, "Piga meza."

Nikaipiga meza kwa vidole. Akaingia na "Taa za Waveland", polepole kama nilivyoweka mimi. Alikosea mahali pawili. Aliposhindwa kuifikia noti moja ya juu akaiacha, akaweka ya chini yake, na ile ya chini ikawa na huzuni fulani ambayo wimbo haujawahi kuwa nayo. Tulifika mwisho. Akasema, "Tena."

Tumepiga mpaka meza ikanipa malengelenge. Nimeupiga wimbo ule kwa miaka, na leo ndiyo mara ya kwanza nimejua unahusu nini: taa za nyumba za pwani ya Waveland zilizokuwepo kabla ya kimbunga kile kikubwa, moja moja, jinsi tulivyozihesabu tukiwa kwenye gari la baba. Huwezi kuzihesabu ukikimbia.

Jumamosi, 19 Agosti

Hollis ametangaza: Jumamosi, tarehe mbili Septemba, wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi ya huku kwetu, atarusha moja kwa moja kutoka Ansel Creek. Mazoezi kila jioni. Royce anakuja na chupa ya maji ya moto ya kushika.

Jumanne, 29 Agosti

Kimbunga kiko ghubani. Mji mzima unanunua maji na kupigilia mbao madirishani. Nimepigilia zangu. Nimefunga ngoma kwenye plastiki kabla ya picha za mama.

Jumatano, 30 Agosti

Kimekwenda Florida. Tunawaombea wenzetu. Nimeng'oa mbao.

Jumamosi, 2 Septemba

Magari yalikuwa yameegeshwa mpaka kwenye duka la chakula cha mifugo na barabarani kote. Watu wamekuja kutoka Picayune, Wiggins, Bay St. Louis, wengine wameketi nje kwenye viti vyao kwa sababu ndani hapakuingilika, redio zao zimewashwa ili wasikie kilichokuwa kinapigwa ng'ambo ya bati. Viatu vya magurudumu viliisha. Bi Verlene alikuwa anawapa watu zamu kwa filimbi.

Hollis aliweka meza yake karibu na mlango, simu mbele yake. Royce alikuwa ameshika kile kikombe chake cha moto mpaka dakika ya mwisho. Akanigeukia, na nikafikiri ataniambia nimtazame. Akasema, "Weka wewe mwendo."

Nikaweka.

Wimbo wa kwanza, wa pili, nao watu wanazunguka, wazee kwa vijana, shemasi wa Kibaptisti akiwa na mke wake mkononi. Kisha nikapiga mapigo manne ya "Taa za Waveland", mapana, na Alphonse akaketi ndani yake kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Royce akaingia. Gitaa likapanda. Nilisikia kifua changu kikitaka kukimbia kwa mazoea, nikaangalia kona ya mbali ya ukumbi, mama mmoja mnene mwenye gauni la njano alikuwa anafika pale. Akasukuma. Akaacha. Nikangoja naye. Akapitisha mguu, akatoka upande wa pili akiwa mzima, kichwa amekirusha nyuma. Nyuma yake wakatoka wote, safu kwa safu, sauti ya magurudumu ikaungana na matoazi yangu hata sikujua ni ipi yangu. Na Royce hakukimbia. Alipofika kwenye ile noti asiyoifikia, akaweka ile ya chini, wazi, mbele ya watu wote, akaiacha ilie.

Tulipomaliza hawakupiga makofi. Walizunguka mzunguko mmoja zaidi bila muziki, kimya, kwa ile pumzi iliyobaki miguuni mwao. Ndipo wakapiga kelele, na bati lote la ukumbi likatetemeka.

Simu za Hollis hazikukoma. Alitusomea hewani tukiwa tunanywa maji: dereva wa lori la magogo amesimama kando ya njia karibu na Poplarville na hawezi kuendelea mpaka tuupige tena. Wauguzi wa zamu huko Hattiesburg wameufungua kwenye korido. Mwanamke wa Waveland alikuwa analia, akataka kujua kama ile taa ya pili ni ya nyumba ya bibi yake. Royce aliichukua simu mwenyewe, akamwambia ndiyo, ni ya bibi yake.

Tuliupiga mara tatu.

Baadaye Royce alimwendea Bi Verlene pale dirishani anapotoa viatu. Sikusikia yote. Nilimsikia akimwuliza Jumamosi zake za msimu wa baridi ni za nani, na bibi akamjibu kwamba ni za yeyote atakayekuja kwa wakati. Bibi akamwambia vilevile kwamba angependa santuri itakayofuata irekodiwe humu humu, na watu wakizunguka. Royce akasema atampigia mkwe wake kesho amwombe radhi. Kisha akamwonyesha bibi mguu wake.

"Namba kumi na moja," alisema.

Alivaa. Kaka yangu, miaka hamsini na saba, ameshikilia ukuta kwa mikono miwili. Akatuashiria kwa kichwa, mimi na Alphonse, tuendelee bila yeye. Tukaendelea, ngoma na besi tu. Akauachia ukuta. Mama wa gauni la njano akampa mkono, na akapita mbele ya jukwaa akiwa wima, mdomo wazi, macho makubwa, akisikiliza bendi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Inasikikaje?" Alphonse alimwita.

Alikuwa ameshatupita. Alizunguka ukumbi mzima, mikono imetanuliwa, na alipotufikia tena jasho lilikuwa linamtiririka na alikuwa anacheka kama mtoto.

"Nzuri," alisema. "Punguza kidogo, dada. Nakuja kwenye kona."

Nikampunguzia.